Mtoto wa kwanza anapozaliwa: Kwa nini ndoa huyumba, na nini huisaidia kusimama

Saa nane usiku mtoto analia. Mama anaamka kwa mara ya tatu. Baba anageukia ukutani, kesho anawahi kazini. Hakuna aliyesema neno, lakini kunapopambazuka kila mmoja ana lake moyoni: mama anaona ameachiwa mzigo peke yake, baba anaona siku hizi hana nafasi ndani ya nyumba yake.

Ndoa nyingi huanza kupata ufa hivyo. Si kwa michepuko wala ugomvi mkubwa, bali kwa uchovu usiozungumzwa. Hatari yake ni moja: watu waliochoka huanza kudhani wameacha kupendana.

Mabadiliko huja ghafla

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulifuatilia ndoa 218 katika miaka 8 ya mwanzo. Wanandoa wasio na watoto nao waliona furaha ya ndoa ikipungua, ila taratibu. Kwa waliopata mtoto, ilishuka ghafla baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa.

Sababu haziko mbali. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu.

Halafu kuna suala la likizo. Tanzania, sheria inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, baba siku 3. Kenya ni miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba. Hivyo mama anakuwa bingwa wa mtoto, baba anabaki kuwa msaidizi anayesubiri kuagizwa.

Bibi akija kumlea mzazi, msaada ni mkubwa: uji, mtori, maji ya moto. Lakini arobaini ikiisha na bibi akarudi kwake, kazi zote zinawaangukia watu wawili ambao hawajawahi kukaa chini kugawana.

Kinachosaidia

*Kugawana usiku.* Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kubadilisha nepi na kumweka mtoto begani acheue. Hata saa mbili za usingizi wa mfululizo zinamrudishia mama nguvu.

*Kugawana kazi kwa majina.* "Nisaidie basi" huleta ugomvi, kwa sababu kila mtu anaielewa kivyake. "Kuogesha jioni ni kwako, kufua ni kwangu" inaeleweka. Na anayeogesha aachwe aogeshe, bila kusimamiwa mlangoni.

*Kutofanya arobaini kuwa kengele.* Siku 40 zikifika haimaanishi mwili umepona. Aliyejifungua kwa upasuaji au aliyeshonwa anaweza kuhitaji muda zaidi, na kunyonyesha kunaweza kuleta ukavu ukeni. Wengine wanaogopa kushika mimba tena. Mume asiyeambiwa haya hudhani amekataliwa. Kliniki ya wiki ya 6 ni nafasi nzuri ya kwenda wote wawili na kuuliza, ikiwemo kuhusu uzazi wa mpango.

*Kila mtu azungumze na kwao.* Mama mkwe akiingilia mambo, mwanawe ndiye aongee naye. Mke akijibizana na mama mkwe, au mume akimkosoa mkwewe, neno dogo linakuwa kikao cha ukoo.

*Dakika 15 bila simu.* Mtoto akilala, wakae wawili. Si lazima kutoka wala kutumia pesa. Chai barazani inatosha. Sharti ni kutoongelea nepi, homa wala ada. Wengi baada ya kuzaa huanza kuitana "mama fulani" na "baba fulani" tu. Ni heshima nzuri, lakini mara mojamoja kuitana yale majina ya zamani hukumbusha kwamba kabla ya wazazi walikuwepo wapenzi.

Isipokuwa uchovu wa kawaida

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Mama akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki 2, hataki kumshika mtoto au anakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, hiyo si jeuri wala uvivu. Apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Na vipigo havihesabiwi kuwa uchovu. Hapo kinachotakiwa kwanza ni usalama wa mama na mtoto.

Kwa wengine, miezi ya mwanzo ni migumu lakini inapita. Mtoto ataanza kulala usiku kucha. Swali ni kama siku hiyo wazazi wake watakuwa bado wanaongea.