Je, Wajua? Binti wa Nyeri katika mji wa besiboli

Catherine Ndereba, mzaliwa wa Kaunti ya Nyeri, alishinda Boston Marathon mara 4: 2000, 2001, 2004 na 2005. Mbio hizo hufanyika Jumatatu ya tatu ya Aprili, na siku hiyo hiyo asubuhi timu ya besiboli ya Boston, Red Sox, hucheza nyumbani, katika uwanja wa Fenway Park uliofunguliwa 1912. Mechi ikiisha, mashabiki humiminika Kenmore Square, kama kilomita 1.6 kabla ya utepe, wakiwa na kofia na jezi za timu yao, kuwashangilia wakimbiaji.

Baada ya ubingwa wa 1918, Red Sox walimuuza gwiji Babe Ruth kwa New York Yankees, na tangu ubingwa huo wakakaa miaka 86 bila taji jingine. Wengi waliamini ni laana. Aprili 2004, kwenye Boston Marathon iliyokimbiwa katika joto kali, Ndereba alimpiku Elfenesh Alemu wa Ethiopia kwa sekunde 16 tu. Oktoba mwaka huo, Red Sox nao wakawa mabingwa.

Sifa za Ndereba zastahili kusimuliwa Murang'a, Karatina na kote Mlima Kenya: ndiye mwanamke wa kwanza kushinda mbio za miguu za Boston Marathon mara 4.