Safari ya Takwa na Kijaluba cha Tatu

Tangu habari hii ilipoenea mtaani, wazazi kadhaa wametuuliza: Je, yafaa mwalimu wa chuo kuwapeleka watoto kisiwani kusaka vijaluba kwa simu? Tumeonelea ni bora tuyaeleze yote yaliyotupata, pamoja na kosa letu wenyewe, ili kila mzazi apime kwa akili yake.

Mchezo huo huitwa jiokashingi, nao ulianza Marekani mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya satelaiti zake zioneshazo mahali, hata raia aliyeyatumia aliweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka huo uvurugaji ukakomeshwa, na makosa yakapungua sana. Tarehe 3 Mei, mtu aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akazitangaza latitudo na longitudo zake, na watu wakaenda kuitafuta. Sharti la mchezo ni jepesi: ukikipata kilichofichwa, andika jina lako katika daftari lililomo, ukitoa kitu, tia kitu, kisha kirudishe pale pale ulipokikuta.

Asidhani mtu kwamba elimu hii ya latitudo na longitudo ni ngeni kwetu. Mwaka 416 Hijria, yaani 1025, Al-Biruni alitunga kitabu cha namna ya kupima mahali ilipo miji, na moja katika makusudio yake ni kuijua kibla kwa yakini. Nao manahodha wa bahari yetu hii walikuwa na kamali, kijibao chenye uzi wa mafundo, wakipimia kimo cha nyota.

Basi katika likizo ya Disemba iliyopita, mpwa wetu alitujia Lamu kutoka Mombasa. Akavuka hadi Takwa katika kisiwa cha Manda, akaomba ruhusa kwa mlinzi wa magofu, akaficha vijaluba vitatu. Alipokwisha akatuachia hesabu zake, akarudi kwao. Siku ya pili yake tukapanda mashua, sisi na mkewe mtu, watoto wetu wanne, mjukuu mmoja mdogo, na mama yetu ambaye umri wake umepita miaka 70. Nahodha ni mzee wa mtaani kwetu, na baharia wake ni mwanawe.

Tulitweka tanga baada ya jua kuchomoza. Upepo wa kaskazi ulikuwa wa mbele, ikawa twabisha huku na huku mpaka tukaingia katika mkondo wa Takwa. Humo mikoko ilituzibia upepo, nahodha akashusha tanga, mwanawe akashika upondo. Saa 2 maji yalikuwa yamejaa, nasi tukashuka.

Nahodha akatwambia, "Maalim, leo mwezi wa sita. Maji ndiyo haya yamekoma kujaa. Saa nne muwe chomboni. Mkikawia, mkondo huu utakuwa tope."

Tukamjibu, "Inshallah." Lakini tulilisema neno hilo kwa ulimi tu, kama wengi wetu tulisemavyo.

Takwa ulikuwa mji wa Waislamu katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa, na wenyeji wa Shela huhesabu kwamba wazee wao walitoka huko. Ukuta wa mji ungaliko, na msikiti ungaliko ingawa hauna paa, na juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka 1094 Hijria, yaani 1683. Tuliwaonesha watoto mihrabu, kisha tukawaambia watazame dira ya simu. Wakaona kwamba wazee wale wasio na simu walielekea karibu kaskazini kamili, kwani Lamu na Makka zinapishana kwa kadiri ya digrii moja tu ya longitudo.

Kijaluba cha kwanza tulikipata ng'ambo ya vilima vya mchanga, ufuoni mwa bahari kuu, chini ya kichaka. Cha pili kilikuwa nje ya ukuta wa mji, katika mizizi ya mti. Cha tatu kikatushinda. Simu ilisema tumefika, na sisi hatukuona kitu. Mwana wa nahodha akaja kutuita, tukamwambia, "Kidogo tu." Akaja mara ya pili, tukamwambia vile vile. Macho yetu yalikuwa kiooni, hata hatukumwona mwanetu wa miaka 12 akichomoa mawe katika ukuta wa kale. Aliyemwona ni mlinzi, akapiga ukelele. Tuliona haya kubwa. Mawe yamekaa hapo karne tatu na zaidi, na mtoto wa mwalimu ayachomoe kwa ajili ya mchezo! Tuliyarudisha moja moja kama mlinzi alivyotuelekeza, na hilo nalo likachukua muda.

Tulipofika mkondoni ilikuwa saa 6. Mashua imelala ubavu juu ya tope, na maji yako mbali. Takwa hapana maji ya kunywa, nasi tulikuwa na dumu moja lililobaki nusu. Mama yetu alikuwa ameketi kivulini pamoja na mjukuu, akitungoja tangu saa 4. Hakutukaripia. Alituuliza neno moja tu: "Mwanangu, hiyo simu haikukwambia?"

Hatukuwa na jawabu.

Maji ya dumu tukamwachia yeye na watoto, na sisi wakubwa tukavumilia. Tukatawadha kwa maji ya bahari, tukasali Adhuhuri. Nahodha hakununa. Aliwaita watoto, akawaambia wachome kijiti penye ukingo wa maji, wakitazame. Akawafunza kwamba maji hufuata mwezi, na kila siku hukawia kwa kadiri ya dakika 50, na kwamba mwenye kuijua tarehe ya mwezi ameijua saa ya kusafiri. Watoto wetu wamezaliwa hatua chache kutoka baharini, na hapana aliyepata kuwafunza jambo hilo. Sisi tuliwafunza kuhesabu siku za mwezi kwa ajili ya Ramadhani, na maji yaliyo mbele ya mlango wetu tukayasahau.

Baada ya Alasiri, binti yetu mdogo alirudi magofuni pamoja na mama yake kumwomba mlinzi radhi. Njiani, bila simu mkononi, akakiona kijaluba cha tatu katika uwazi wa mbuyu, hatua nane hivi kutoka pale tulipopekua. Hesabu za satelaiti hukosea kidogo penye miti na kuta. Ndani mlikuwa na daftari, kalamu na tasbihi. Akatwaa tasbihi, akatia bangili yake ya shanga, akaandika jina lake, akakirudisha.

Saa 1 usiku mashua ikaelea. Mwezi ulikuwa upande wa magharibi, na Kilimia kimepanda upande wa pili. Kaskazi sasa ilikuwa nyuma yetu, tukafika Lamu salama, alhamdulillahi. Tulipomwomba radhi nahodha, alisema, "Siku ya mapumziko ya chuo nileteeni hawa watoto." Tangu hapo huenda kwake, na yule aliyechomoa mawe ndiye anayetwambia leo maji yatajaa saa ngapi.

Basi jawabu letu kwa wazazi ni hili: mchezo huu hauna ubaya, maadamu usimpitishe mtu wakati wa sala, wala usimfanye aharibu kitu cha wenyewe. Katika sharti lake la kurudisha kitu mahali pake, mtoto hujifunza amana. Simu nayo haikutudanganya. Ilitwambia kijaluba kilipo. Lakini kujua mahali kitu kilipo si kujua wakati wa kukiendea na wa kukiacha. Elimu hiyo ilikuwa chomboni mwetu, kichwani mwa mzee, nasi tukaipuuza. Wazee wa namna hiyo wako katika kila mtaa wa pwani. Wapelekeeni watoto wenu wangali hai.