Mpango wa kuokoa kampuni unapopingwa na wadai

Kampuni iliyoelemewa na madeni inaweza kufilisiwa, mali yake ikauzwa na wadai wakagawana kinachopatikana. Inaweza pia kuafikiana na wadai wapunguze wanachodai, wangoje zaidi, au wapokee hisa badala ya fedha. Maafikiano hayo huokoa biashara na ajira, lakini mdai anayekataa anaweza kuwakwamisha wote. Ndiyo maana Uingereza, mwezi Juni 2020, iliongeza Sehemu ya 26A katika Sheria ya Makampuni ya 2006, ikaipa mahakama uwezo wa kuidhinisha mpango hata kundi zima la wadai likiupinga.

Wadai hupigia kura mpango katika makundi, wenye haki zinazofanana pamoja. Kundi huhesabiwa limekubali ikiwa wanaounga mkono wanashikilia angalau asilimia 75 ya thamani ya madai yaliyopigiwa kura. Likikataa, jaji anaweza kulilazimisha kwa masharti mawili. Kwanza, asiwepo mdai wa kundi hilo atakayepata hasara kubwa kuliko ambayo angeipata mpango usingekuwepo. Pili, liwepo kundi lililoukubali ambalo lina maslahi ya kweli katika hali hiyo mbadala, ambayo mara nyingi ni ufilisi. Hapo ndipo wathamini wa kila upande hupambana, kwa kuwa hesabu ya ufilisi ndiyo inayoamua nani ana cha kupoteza.

Katika kesi ya Virgin Active, kampuni ya vituo vya mazoezi, mwaka 2021, wamiliki wa majengo waliopinga walishindwa: mahakama iliona kwamba ambaye asingepata kitu katika ufilisi hana uzito wa kuamua jinsi faida ya kuokoa kampuni igawanywe. Msimamo huo uliwaacha wadai wadogo wakiwa wanyonge mno, na haukudumu.

Januari 2024 Mahakama ya Rufani ilitengua mpango wa Adler, kundi la kampuni za majengo la Ujerumani. Wenye hati fungani za kuiva mwaka 2029 walikuwa wameukataa. Katika ufilisi, hati zote zingelipwa kwa uwiano mmoja. Chini ya mpango, zilizoiva mapema zingelipwa kwanza, na fedha zikipungua, wa mwisho ndio wangeumia. Wakati huohuo wanahisa wa zamani walibakiziwa asilimia 77.5 ya hisa. Mahakama ilisema kwamba kutimiza masharti hakutoshi: anayeondoka kwenye usawa wa wadai lazima awe na sababu nzuri.

Marekani ina kanuni kali zaidi katika Sura ya 11 ya sheria yake ya ufilisi. Kundi la wadai wasio na dhamana likikataa, wanahisa hawapati chochote kwa hisa zao mpaka kundi hilo lilipwe lote. Uingereza haikuweka kanuni hiyo, hivyo mzigo wa kupima haki umebaki kwa jaji.

Julai 2025 mzigo huo ulionekana katika kesi ya Petrofac, kampuni ya huduma za mafuta. Wadai wake Saipem na Samsung walipinga, na Mahakama ya Rufani ikakataa mpango kwa sababu kampuni haikuthibitisha kwamba waliotoa mtaji mpya walistahili faida kubwa kiasi kile. Kutopata kitu katika ufilisi hakukutosha tena kumnyima mdai sehemu ya thamani mpya. Oktoba mwaka huohuo, kampuni mama ya Petrofac iliwekwa chini ya wasimamizi.