MFANYAKAZI WA BARA ANAPOHAMIA PWANI: AKAE WAPI?

Wapo wenzetu wengi kutoka mashamba ya chai na miwa, na kutoka viwanda vya Jinja na Kampala, ambao hupata kazi Mombasa: bandarini, katika makampuni ya kusafirisha mizigo, au katika viwanda vya Changamwe na Mariakani. Tangu Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki uanze kutumika mwaka 2010, njia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Mganda husafiri kwenda Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa. Kibali cha kazi bado chahitajika, lakini Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana kuondoa ada yake.

Basi kufika si shida kubwa. Shida ni kukaa. Mfanyakazi hufika Mombasa na mkoba wake, akauliza chumba cha bei ndogo, akalipa kodi siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi anagundua kwamba mshahara wake unaliwa na nauli, maji na dawa. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kulipa kodi ya kwanza.

MJI WA KISIWA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa kidogo, na watu wengi wanaofanya kazi mjini hulala nje ya kisiwa. Ziko pande tatu. Magharibi, kupitia Makupa, ndiko Changamwe, Chaani, Mikindani, Jomvu na Miritini. Kaskazini, kupitia daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, ndiko Kongowea, Kisauni, Bamburi na mbele zaidi Mtwapa. Kusini, kwa kivuko, ndiko Likoni na Mtongwe.

Kanuni ni moja: kaa upande ule ule ilipo kazi yako. Mtu anayefanya kazi Kipevu au Changamwe akipanga Kisauni, atavuka kisiwa kizima asubuhi na jioni, tena saa zile ambazo magari hayasogei.

Likoni ina kodi nafuu kuliko sehemu nyingi za kisiwa, na mtembea kwa miguu havushwi kwa pesa. Lakini feri ikiharibika, au foleni ikiwa ndefu, mfanyakazi huchelewa na kadi yake ya zamu huandikwa. Tusisahau pia tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka asubuhi ikiwa imejaza kupita kiasi. Watu 272 walikufa, na wengi wao walikuwa wakienda kazini. Anayekaa kusini na ajiwekee desturi ya kutoka mapema, asisukumwe na hofu ya saa akaingia katika chombo kilichojaa. Barabara ya Dongo Kundu sasa inaunganisha kusini na Miritini bila kuvuka kwa feri, lakini ni mzunguko mrefu wa gari, na nauli yake ihesabiwe.

JOTO NA NYUMBA

Aliyezaliwa Kabale au Fort Portal amezoea blanketi. Pwani, miezi ya Januari hadi Machi, jua hupanda zaidi ya nyuzi 32 na usiku hauleti nafuu kubwa, kwa kuwa hewa ina unyevu na jasho halikauki. Mwili huhitaji kama wiki mbili kuzoea. Katika siku hizo mtu anywe maji mara kwa mara hata kabla ya kiu, na msimamizi aelezwe kwamba mgeni hawezi kubeba mizigo ya mwenyeji siku ya kwanza.

Nyumba ndiyo inayoamua kama utalala. Chumba cha mabati kisicho na dari ni tanuri mchana kutwa, na joto lake hubaki mpaka usiku wa manane. Kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku ambaye hulala mchana, chumba cha namna hiyo hakifai hata kikitolewa kwa nusu ya bei. Mtu asiyelala huumia kwenye mashine.

Wenyeji wanajua zamani jinsi ya kujenga. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, hivyo upepo huingia mbele ukatokea nyuma. Paa la makuti hupoza kuliko bati, ingawa hushika moto upesi na lataka uangalifu wa jiko. Uliza upepo unaingilia wapi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kama Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia kama Aprili. Chumba chenye madirisha mawili yanayokabiliana kina thamani kuliko chumba kikubwa chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.

Tena angalia nyumba wakati wa mvua ukiweza. Mvua kubwa ya pwani ni ya Aprili na Mei. Chumba cha bondeni kilichokauka mwezi wa Februari huenda kikawa dimbwi mwezi wa Mei.

MAJI

Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji ya bomba hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika nchi ya Tsavo, Marere katika vilima vya Shimba, Baricho kwenye mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Hayatoshi mji mzima. Kuwa na mfereji uani si sawa na kuwa na maji. Usimwulize mwenye nyumba. Waulize wapangaji maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na mtungi wa lita 20 huuzwa kwa kiasi gani yasipotoka.

Visima vipo kila mahali, lakini vingi vina chumvi. Zaidi ya hayo, mwamba wa pwani ni wa matumbawe wenye matundu, na uchafu wa choo hupenya haraka mpaka kisimani. Maji ya kisima kilicho karibu na choo yafae kufulia tu. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu kimerudi Pwani mara nyingi, na hakichagui kabila wala cheo.

MBU WA USIKU NA MBU WA MCHANA

Mtu wa Jinja ameishi na malaria tangu utoto. Mtu wa milima ya Kigezi hana kinga kama hiyo, na mtoto wake akipata homa asisubiri kesho. Chandarua chenye dawa ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya redio.

Lakini Pwani ina mbu mwingine, aumaye mchana, na huzaa katika maji safi yaliyowekwa majumbani: mapipa, mitungi, tairi kuukuu. Huyo ndiye aliyeleta homa ya dengi Mombasa mwaka 2013, na chikungunya kati ya mwaka 2017 na 2018, ugonjwa unaoacha viungo vikiuma kwa wiki nyingi. Hapa ndipo mambo yanapofungamana: bomba likikauka, watu huweka maji, maji yasipofunikwa, mbu huzaa. Kwa hiyo kila pipa liwe na kifuniko, na lioshwe kila wiki.

KODI SI BEI YOTE

Tufanye hesabu ya mfano. Chumba cha kwanza kiko karibu na kazi na maji yapo. Kodi ni shilingi 6,000 za Kenya. Chumba cha pili kiko mbali. Kodi ni 3,500. Mgeni atakimbilia cha pili. Lakini nauli ya matatu ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 2,600. Maji ya kununua, mitungi mitatu kwa siku kwa shilingi 20 kila mmoja, ni 1,800 kwa mwezi. Jumla ni 7,900. Chumba cha bei ndogo kimemshinda mwenzake kwa shilingi 1,900, na bado hatujahesabu saa mbili za njiani kila siku. Bei hubadilika mahali na mahali, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Ifanye kwa kalamu kabla ya kutoa amana.

KARIBU NA KAZI, LAKINI SI KARIBU NA SUMU

Tumesema kaa karibu na kazi. Lakini kuna ukaribu unaoua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa jirani na nyumba za wafanyakazi. Vumbi na maji yake vilileta sumu ya risasi. Watoto waliugua, na wapo wakazi waliokufa. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Akaacha kazi, akaongoza wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaurudisha ushindi wao mwaka 2024.

Fundisho ni hili: kabla ya kupanga, nusa hewa, tazama mfereji wa maji machafu unapopita, waulize akina mama kama watoto hukohoa au huumwa tumbo bila sababu. Kodi ikiwa rahisi mno karibu na kiwanda, ipo sababu.

USINUNUE KWA HARAKA

Baada ya mwaka mmoja au miwili, mfanyakazi husikia habari za nyumba inayouzwa bei nzuri. Afahamu kwamba Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi: mwenye nyumba anamiliki kuta na paa, na ardhi ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mwenye ardhi akiitaka, kuta zako zitakwenda wapi? Sehemu nyingine watu wamekaa vizazi kadhaa bila hati yoyote. Uliza hati, na uitazame katika ofisi ya ardhi, usiridhike na karatasi ya mkononi. Tena asiye raia wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, hawezi kumiliki ardhi huko ila kwa kukodi kwa muda usiozidi miaka 99.

KUISHI NA WENYEJI

Ardhi na kazi ndizo donda la Pwani. Agosti 1997, wakati wa siasa za uchaguzi, watu wa bara walishambuliwa Likoni. Wengi waliuawa na maelfu wakakimbia nyumba zao. Hatutaji haya kumtisha mtu. Tunayataja kwa sababu mgeni anayejitenga na watu wa kwao tu hujikuta peke yake siku ya shida. Jitambulishe kwa mzee wa mtaa. Piga hodi, amkia wazee kwa shikamoo, heshimu mwezi wa Ramadhani, nenda kwenye mazishi ya jirani. Kijana wa Likoni asiye na kazi si adui wa mfanyakazi wa bara. Wote wawili wanaumizwa na mshahara mdogo.

NYUMBA NI HAKI, SI FADHILA

Mombasa ni mji wenye historia katika jambo hili. Tarehe 13 Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi, wa bandari, wa reli na wa majumbani pamoja, na kwa siku 12 walikutana Kiwanja cha Maskini. Mshahara haukuwa ukitosha chakula na kodi. Wa pwani na wa bara walisimama pamoja.

Leo Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa mahali pa kazi au karibu, au alipe fedha za kutosha kodi. Lakini uko mlango wa nyuma: mkataba ukisema kwamba mshahara tayari umeunganishwa na kodi ya nyumba, hutadai zaidi. Basi soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mwajiri akikuhamisha mwenyewe kutoka bara, uliza kwa maandishi nani analipa nauli, mizigo ya familia na malazi ya siku za kwanza. Na ukipewa nyumba ya kampuni, uliza utakaa muda gani ndani yake kazi ikiisha. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Kazi huisha, na nyumba ya kazi huisha nayo.

Ndugu mfanyakazi, usiende peke yako. Kabla ya kuondoka, mwone katibu wa tawi lako akupe barua ya utambulisho kwa chama cha wenzako huko. Ukifika, lala kwa ndugu au rafiki wiki mbili, tembea mitaa mitatu asubuhi na usiku, fanya hesabu, ndipo ulipe. Na viongozi wa vyama wakae na waajiri: posho ya nyumba ipimwe kwa kodi, nauli na maji ya mahali mfanyakazi anapopelekwa, si kwa bei ya mahali alipotoka.