Woga Ukizimwa Mdomoni mwa Shimo

Ukikaa asubuhi karibu na mashimo ya Kolwezi, hutakosa kuambiwa kwamba lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, inatoa woga. Inatoa kweli, na hapo ndipo penye shida. Sheria ya Kongo inataka shimo la mchimbaji wa mkono lisizidi mita 30, lakini kwenye mitaa kama Kasulo, ambako tangu 2014 watu wanafuata kobalti hadi chini ya nyumba zao, mita hizo hazipimwi na mtu. Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa kampuni ya KCC, wakafa wachimbaji zaidi ya 40. Sisemi walikuwa wamekunywa. Nasema tu kwamba anayeshuka huku moyo ukimdunda ana sababu, na kwamba woga ule ni taarifa.

Taarifa hiyo hupimwa kwa sehemu kubwa katika ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso. Ndiko mkono unakoambiwa ngoja, na ulimi unakoambiwa nyamaza. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa kupasua miamba aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwa nondo ndefu kupita mita moja. Baruti ikalipuka, nondo ikamwingia shavuni, ikapita katika ubongo huo wa mbele, ikatokea utosini. Hakufa. Alitembea, alisema, alikumbuka watu. Ila daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mtu mtulivu alikuwa sasa anatukana ovyo, anapanga jambo na kuliacha papo hapo. (Baadaye Gage aliendesha magari ya farasi kule Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyofanywa na mtu asiyejimudu, kwa hiyo wataalamu wanabishana alibadilika kwa kiasi gani na kwa muda gani.)

Pombe hufika mahali hapohapo bila kutoboa mfupa. Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali: ile iitwayo GABA huzituliza, glutamati huziamsha. Kilevi huipa nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, na wakati huohuo huchochea dopamini, ile inayomfanya mtu atake tena. Ni kama pikipiki iliyofunguliwa mafuta huku breki imelegezwa.

Maabara hupima breki hiyo kwa mchezo mdogo. Unakaa mbele ya skrini. Alama ikitokea, bonyeza kitufe upesi. Mara mojamoja kengele inalia, na hapo unatakiwa kuuzuia mkono ambao umeshaanza kwenda. Aliyekunywa kiasi hubonyeza karibu sawa na mwenzake asiyekunywa. Anachoshindwa ni kuacha. Ndiyo maana sitishwi sana na mlevi aliyelala barabarani, kwa kuwa huyo hawezi kushuka popote. Wa kutisha ni yule anayesimama vizuri, anafunga kamba vizuri, anapiga patasi vizuri, na udongo ukianza kumwagika kidogokidogo juu ya bega lake anasema, “Nimalize kwanza mfuko huu.”

Kuna jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1919 Mwingereza Edward Mellanby alieleza kwamba kwa kiasi kilekile cha kilevi katika damu, ulevi huonekana zaidi kilevi kinapopanda kuliko kinaposhuka. Majaribio ya baadaye yakaongeza kwamba kinaposhuka, wepesi wa mkono hurudi mapema na mtu hujisikia mzima, lakini ile nguvu ya kujizuia huchelewa kurudi. Maana yake, mtu anayekuapia saa nne asubuhi kwamba ya jana imeisha hadanganyi. Anasema anavyojisikia. Tatizo ni kwamba kujisikia si kipimo.

Kipimo ni hesabu. Bia ya asilimia 5 katika chupa ya sentilita 72 ina gramu 28 hivi za kilevi halisi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na halikimbizwi na kahawa, maji baridi wala jasho. Chupa moja basi ni saa tatu au nne. Tatu zilizonywewa usiku bado zinaweza kuwa kwenye damu jua likichomoza. Kwa lutuku hesabu inagoma kabisa, kwa kuwa kila mtungi una ukali wake, na anayepika hana chombo cha kuupima.

Si pombe tu. Bangi huharibu zaidi kukadiria muda na wepesi wa kushtuka. Vidonge vya jamii ya tramadoli hufunika maumivu na uchovu, na vikichanganywa na pombe vinaweza kusimamisha pumzi. Kwa kijana chini ya miaka 25 vyote hivi vina uzito wa ziada, maana ubongo wa mbele ndio unaochelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine.

Kumwambia aliyekwisha kunywa “jizuie” ni kukiomba kazi kiungo kilicholala. Uamuzi ufanywe kabla. Mwenye kamba juu ya shimo akubaliane na wenzake, wote wakiwa hawajaonja kitu, kwamba aliyekunywa usiku hashuki asubuhi hata akibembeleza. Na siku ya kuuza kwenye soko la madini la Musompo, noti zikiwa bado mkononi, fedha ya likelemba (upatu), ya kodi na ya shule itumwe nyumbani kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Kilevi humfanya mtu aone cha karibu tu, na saa ile cha karibu ni meza yenye marafiki, si karo ya mwezi ujao.