Repo Hazionekani? Usibandike Tokeni

"Mwalimu, mbona repo zangu hazionekani kwenye tovuti?" Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu, mara ya mwisho nikiwa ndani ya matatu pale Rodi Kopany, tukisubiri gari lijae. Hilo si swali baya. Linaloniudhi ni la pili, linalokuja kabla sijafungua mdomo: "Nimeambiwa nibandike tokeni kwenye skripti. Naibandika mstari wa ngapi?"

Hakuna mstari wa kuibandika. Nimechoka kulisema hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliandika.

Wanaouliza nawajua. Ni vijana wa Ndhiwa, Mirogi na Kobodo, wengine wa Awendo upande wa Migori, waliojifunza kuandika programu kwa kompyuta za kuazima na sasa wanatafuta kazi za mtandaoni. Mwajiri aliye Nairobi au Berlin hawezi kuja kuwaona wakifanya kazi. Basi kijana anatengeneza tovuti ya kurasa mbili tatu, anaiweka bure kwenye GitHub Pages, kisha anaongeza programu-jalizi, au plagini kama sote tunavyoiita, inayochota orodha ya repo zake za umma, yaani hazina za msimbo alizoziweka GitHub, na kuzipanga kama kadi: jina la kazi, lugha iliyotumika, idadi ya nyota, siku ilipoguswa mwisho. Kadi zinapendeza. Siku anapotuma ombi la kazi, anafungua ukurasa na kukuta sanduku tupu. Ana haki ya kuingiwa na wasiwasi.

Plagini ya aina hii haihifadhi chochote. Kila mgeni anapofungua ukurasa, kivinjari chake ndicho kinachokwenda kuuliza api.github.com, "huyu mtu ana repo gani?" GitHub humruhusu asiyejitambulisha kuuliza mara 60 kwa saa, na huhesabu kwa anwani ya IP. Sitini inaonekana nyingi mpaka upige hesabu. Plagini ikiuliza orodha mara moja, kisha ikauliza lugha za kila repo, mwenye repo 10 anatumia maombi 11 kila ukurasa unapofunguliwa. Wageni watano wakiwa kwenye anwani moja, 55 zimekwenda. Wa sita anapata chini ya nusu ya kadi, wa saba hapati kitu. Na mara nyingi mgeni wa kwanza hadi wa saba ni wewe mwenyewe, unayebadilisha rangi ya kichwa cha ukurasa na kuufungua upya kila nusu dakika.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wa intaneti ya simu tunapaswa kulielewa kuliko mtu wa Berlin. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ni kama boma lenye nyumba nyingi na lango moja: aliye barabarani anahesabu wanaopita langoni, hajui nani katoka nyumba ipi. Mtu usiyemjua aliyeko kwenye anwani hiyo hiyo anaweza kumaliza zile 60 kabla hujaamka.

Hitilafu hiyo inathibitishwa kwa dakika moja. Fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, angalia maombi ya mtandao, tafuta lililorudi na namba 403 au 429. Kwenye vichwa vya jibu utaona x-ratelimit-remaining, na mbele yake sifuri. Ukiiona sifuri, plagini ni nzima na repo zako ziko salama. Umefikia kikomo, basi.

Kwa wale wanaoona baadhi tu ya repo, sababu ni nyingine: API, yaani ile api.github.com, hurudisha repo 30 kwa ukurasa mmoja, na usipoiambia vinginevyo huzipanga kwa alfabeti. Repo yako bora inaitwa "zao-la-miwa"? Itakuwa mkiani, nyuma ya mazoezi yote ya darasani. Omba 100 kwa ukurasa, omba zipangwe kwa siku ya mabadiliko, na uondoe zile ulizonakili kwa wengine.

Sasa dawa inayouzwa kila mahali. Anayejitambulisha kwa tokeni, yaani ufunguo wa siri wa akaunti yake, hupewa maombi 5,000 kwa saa badala ya 60. Kwa hiyo mtaalamu fulani wa video anakuambia: tengeneza tokeni, ibandike kwenye skripti ya plagini, pakia upya. Na kweli, kadi zinarudi papo hapo. Ndiyo maana imani hii haifi: dawa inatuliza maumivu siku ile ile, na aliyepona anakwenda kumsimulia jirani.

Lakini skripti ya ukurasa haikai kwako. Inatumwa nzima nzima kwa kila mgeni, pamoja na tokeni iliyomo ndani yake, kwa sababu kivinjari cha mgeni ndicho kinachoitumia. Mgeni haivunji wala haiibi. Umempelekea. Ni sawa na kumpa kila anayepita dukani kwako namba yako ya siri ya M-PESA ili ajisomee salio lako.

Jumamosi moja kijana aliniletea kompyuta yake tukakaa chini ya mwembe. Tovuti yake ilikuwa nzuri kweli. Aliniambia kwa fahari kwamba tatizo alishalitatua mwenyewe. Nikamwomba ruhusa, nikabonyeza F12, zana za msanidi zikafunguka, nikaisoma skripti. Tokeni za kawaida za GitHub huanza na herufi ghp na mstari wa chini, na nilizitafuta herufi hizo bila kuzipata. Nilichokipata ni vipande viwili vya maandishi, vimeunganishwa kwa alama ya kujumlisha. Cha kwanza kilikuwa "gh" tu. Cha pili kilianza na "p_".

"Mbona umeikata?" nikamuuliza.

"Mwalimu, nikiiweka nzima GitHub wanaiua. Nikiikata haifi."

Alisema kweli, na hapo ndipo roho iliponiuma. GitHub huchunguza repo za umma, ikikuta tokeni yake imeanikwa huifuta na kumwandikia mwenyewe barua pepe. Kengele ile ililia kwa ajili yake. Yeye akakata waya wa kengele, akaacha mlango wazi.

Nikaviunganisha vile vipande, nikafungua dirisha la amri, nikauliza kwa tokeni ile orodha ya repo zote ambazo mwenye nayo anaweza kuzifikia. Haikuchukua dakika moja. Zilirudi 14, na tatu kati yake zilikuwa za faragha. Wakati wa kuitengeneza tokeni aliweka alama kwenye kisanduku cha "repo" kwa sababu video ilisema hivyo, na kisanduku hicho hutoa ruhusa ya kusoma na kuandika katika kila repo aliyonayo, ya umma na ya faragha. Moja ya zile tatu ilikuwa mfumo aliokuwa akiwajengea wakulima wa miwa wa kikundi kimoja. Sikuifungua. Nilimuuliza tu imebeba nini. Akanyamaza, kisha akasema: majina, namba za vitambulisho, namba za simu, na deni la kila mmoja, aliyaweka humo ili kujaribia mfumo. Yote hayo yalikuwa yanasomeka na yeyote aliyefungua ukurasa wake na kubonyeza F12. Watu wale hawajui GitHub ni nini. Walimwamini mtoto wa kwao. Na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, isiyomsamehe mtu kwa kuwa alikuwa anatafuta kazi.

Baada ya kisa kama hicho huja visingizio, na navijua kwa mpangilio wake. "Nimeigeuza kuwa base64." Base64 ni namna ya kuandika, kivinjari chochote kinaisoma, hakuna ufunguo unaohitajika. "Repo ya tovuti nimeifanya ya faragha." Mradi ukurasa wenyewe bado unaonekana kwa umma, skripti inasafiri nao. "Nimeshafuta ule mstari." Umefuta leo, jana ipo. Git iliundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kusudi hasa la kukumbuka kila hatua, na anayenakili repo yako ananakili na historia yake yote. Tokeni ikishatoka nje, kinachofaa ni kuiua. Kuificha upya ni kupoteza muda.

Asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya wanafunzi wa mashambani. Mwaka 2016 wavamizi waliingia kwenye repo ya faragha ya wahandisi wa Uber huko GitHub, wakakuta humo funguo za hifadhi ya data, wakatoka na taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walieleza kwamba walikuta siri zimevuja katika zaidi ya repo 100,000 za umma, na kwamba maelfu ya siri mpya zilivuja kila siku.

Kisingizio cha mwisho ndicho chenye akili: "Tokeni yangu haina ruhusa yoyote, inasoma mambo ya umma tu." Ni kweli, hiyo haitafungua repo za faragha. Ila sasa yeyote anaweza kuichukua na kutumia maombi yako 5,000 kwa kazi zake, ukarudi kwenye sanduku tupu ulilokimbia. Na ninaogopa zaidi mazoea. Mkono uliozoea kubandika tokeni ya GitHub ukurasani ndio utakaobandika kesho funguo za Daraja, API ya M-PESA, siku utakapomuunganishia mwenye duka malipo ya M-PESA, na funguo hizo zinahusu pesa za mtu.

Wapo wanaosikia haya wakakimbilia upande wa pili: basi nifunge repo zote, msimbo wangu usiibwe. Hapana! Msimbo kuwa wazi si hatari. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, msimbo wake uko wazi duniani kote, na KenyaEMR, uliojengwa juu yake, unatumika katika mamia ya vituo vya afya nchini kwetu kuwafuatilia wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Hapa Ndhiwa, ambapo utafiti wa MSF, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 24 ya watu wazima wanaishi na virusi, hakuna anayehitaji kufundishwa uzito wa faili la mgonjwa. Yeyote anaweza kuusoma msimbo wa mfumo ule mstari kwa mstari, na hatapata humo jina la mgonjwa hata mmoja, kwa sababu msimbo ni kitu kimoja, na data na funguo ni kingine. Tenganisha hivyo viwili, kisha anika msimbo wako bila hofu.

Ya kufanya ni machache. Lililo rahisi kuliko yote: achana na plagini, andika kadi sita kwa mkono. GitHub yenyewe hukuruhusu kubandika sita tu juu ya wasifu wako, na mwajiri hatasoma ya saba. Ukitaka orodha ijisasishe, tumia GitHub Actions: kazi inayoamka mara moja kwa siku, inauliza API, inaandika majibu kwenye faili la JSON ndani ya tovuti yako, na ukurasa unasoma faili hilo. Actions huipa kazi hiyo tokeni yake ya muda inayokufa kazi ikiisha, na mgeni wako hagusi API hata kidogo, kwa hiyo kikomo cha 60 hakimhusu. Mwenye WordPress atafute plagini inayouliza kutoka kwenye seva na kuweka majibu akiba kwa saa kadhaa. Ikitaka tokeni, iwe ya kusoma umma tu, iwe na tarehe ya kuisha, na ikae kwenye wp-config.php, isionekane popote kwenye ukurasa. Ukinunua nafasi kwenye seva ya kushirikiana na wengi, kumbuka lile lango moja: bila akiba, majirani watakumalizia maombi.

Yule kijana tulimaliza naye kabla ya jua kuzama. Tokeni aliifuta yeye mwenyewe: mipangilio, mipangilio ya msanidi, tokeni binafsi, futa. Data ya wakulima aliitoa kwenye repo na historia yake, akajaza majina ya kubuni, kisha akampigia simu mweka hazina wa kikundi kumweleza kilichotokea. Simu hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya asubuhi. Kadi zake sasa ni sita, zimeandikwa kwa mkono, na ya kwanza ni ule mfumo wa miwa, msimbo peke yake.

Kama skripti yako ina tokeni wakati huu unaposoma, anza na kuifuta. Sanduku litakuwa tupu mpaka kesho. Liache.