Jina la kanga lilivyomwangukia batamzinga

Kanga ni ndege wa Afrika. Batamzinga asili yake ni Amerika, na wenyeji wa Meksiko walimfuga karne nyingi kabla Wazungu hawajamtia machoni. Lakini katika vitabu vya sayansi ndege hawa wawili wanachangia jina: kanga ni Numida meleagris, batamzinga ni Meleagris gallopavo. Wagiriki wa kale waliposema meleagris walimaanisha kanga tu. Ngano yao inasimulia kwamba dada zake shujaa Meleagros walimlilia kaka yao hadi wakageuzwa ndege, na madoa meupe ya kanga ndiyo machozi yao.

Jina lilimfikiaje ndege wa Amerika? Katika karne ya 16 Wahispania walipeleka batamzinga Ulaya, na Wareno nao walikuwa wakileta kanga kutoka Afrika Magharibi. Wote wana vichwa vipara na nyama tamu. Wasomi waliovizoea vitabu vya kale kuliko mabanda ya kuku wakawachanganya, na mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi akaurasimisha mkanganyiko huo. Batamzinga akapewa Meleagris kuwa jina la jenasi, pamoja na gallopavo, yaani jogoo na tausi kwa mpigo. Kanga aliwekwa kwenye jenasi ya Phasianus, kisha akahamishiwa Numida, jina litokanalo na nchi ya kale ya Afrika Kaskazini. Jina lake la pili, la spishi, lilihama naye.

Kwa nini kosa halirekebishwi? Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulipa kipaumbele jina la zamani zaidi kuanzia 1758, na haziruhusu kulifuta eti kwa sababu maana yake inapotosha. Naona ni busara. Kila kizazi kikisahihisha majina, mtafiti wa magonjwa ya ndege wafugwao aliyeko Morogoro atapataje yaliyoandikwa Brazil kuhusu ndege yuleyule?

Ndiyo maana ndege mmoja wa peponi bado anaitwa Paradisaea apoda, “asiye na miguu”. Ngozi zake zilifika Ulaya kutoka New Guinea zikiwa zimekatwa miguu, watu wakaamini kwamba anaishi angani bila kutua. Mdiria mkubwa wa Australia ni Dacelo novaeguineae, ingawa New Guinea hayupo. Na Dacelo halina maana yoyote, ni herufi za Alcedo, jenasi ya mdiria wengine, zilizopangwa upya.

Historia hii husomeka hata kwenye alama za uandishi. Jina la mtaalamu likiwa ndani ya mabano, kama katika Numida meleagris (Linnaeus, 1758), ujue ndege huyo amehamishwa jenasi tangu alipopewa jina. Batamzinga huandikwa Meleagris gallopavo Linnaeus, 1758, bila mabano: bado yumo katika jenasi aliyopewa mwanzoni.